Kituo cha Saa Sita

Video ya Sylvie ilikuwa ya dakika nne tu, lakini Wenceslas aliitazama mara nyingi kabla ya kwenda kuchukua daftari.

Sylvie ni binti wa kwanza wa Wenceslas na mke wake, Ndaya. Anaishi Ubelgiji na mume wake, na mwaka huo walikuwa wamepanda meli ya utalii kwa wiki nzima. Video aliyowatumia wazazi wake Kamina ilipigwa siku ambayo meli haikutia nanga popote: bahari mbele, bahari nyuma, bahari kushoto na kulia. Watu walikuwa wamejilaza kwenye viti virefu, miwani ya jua usoni. Kulikuwa na wanamuziki wenye mashati yanayofanana, na meza ya chakula ndefu kama behewa. Kulikuwa hata na bwawa la kuogelea juu ya meli.

"Mama, weye ungeona!" ilisema sauti ya Sylvie ndani ya simu. "Huku hakuna mutu anashikaka nyungu. Tangu asubuhi mpaka mangaribi, unakaa tu. Banakuletea chakula ingali moto."

Ndaya, mama yake, alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliuacha mchi hewani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Kukaa siku muzima? Na kiuno haiumi?"

"Na ile maji ya kuogelea," akadakia Émerence, jirani yao, mke wa ajida Tshimanga wa kambi ya jeshi, ambaye alikuja kuomba chumvi akabaki kutazama. "Juu ya nini kuweka maji mu mashua, na mashua iko mu maji?"

Wakacheka wote watatu. Lakini Ndaya alipokiinamia tena kinu, Wenceslas alimsikia akisema polepole, kana kwamba anaonja kitu: "Ingali moto."

Kwa miaka thelathini na minne Wenceslas alikuwa mkuu wa treni, mtu wa filimbi na bendera ya kijani. Siku nyingi alikula njiani, kutoka kwenye bakuli ambalo Ndaya alilifunga kwa kitambaa. Alipostaafu na kuanza kukaa nyumbani, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona: mke wake hali chakula cha moto. Bukari, ugali wao, ikitoka jikoni, Ndaya anampa yeye kwanza, kisha mgeni, kisha wajukuu. Halafu mtu anabisha mlangoni. Halafu mjukuu anamwaga maji. Ndaya anapokaa mwishowe kwenye kigoda chake cha jikoni, bukari imekwisha kuota ngozi juu. Wenceslas alikaa na jambo hilo miezi mingi bila kumlaumu mtu. Alijaribu kumngojea, Ndaya akamwambia ale, chakula kinapoa. Alijaribu kumpakulia, Ndaya akamuuliza kama amekosea kitu.

Usiku wa video aliandika katika daftari, kwa herufi zake zilizosimama wima: *Siku ya Ndaya. Toka jua kuchomoza hadi kuzama asishike sufuria. Ale chakula cha moto, amekaa.* Chini yake akapiga mstari kwa rula. Mwezi wa nane wangetimiza miaka arobaini ya ndoa. Bahari haipo katika mkoa wao wa Haut-Lomami, lakini ziwa Kisale lipo.

Mwezi wa saba alishuka kwa treni hadi Bukama, na kutoka hapo akafuata mto Lualaba hadi Kinkondja, kando ya ziwa, ndani ya mashua ya Kalombo. Kalombo alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Kwa miaka mingi alikuwa akipakia magunia yake kwenye treni za Wenceslas, na mashua yake ya mbao yenye injini ilikuwa ndefu na pana. Wenceslas akamweleza shauri lake. Kalombo alimtazama, akatazama mashua, akainusa.

"Croisière, matembezi ya meli? Mu hii?" akauliza. "Mukubwa, hii mashua inanuka samaki mpaka ku misumari."

"Tutaisafisha."

Wakazunguka ziwa siku mbili, Wenceslas na saa mkononi, akiandika dakika. Dakika arobaini na tano kutoka ufukweni waliikuta sehemu iliyompendeza sana: kisiwa cha mafunjo, kijani kibichi, chenye kibanda cha mvuvi aitwaye Josaphat. Mbele yake, ng'ambo, palisimama michikichi mitatu. Upepo ulikuwa mwanana, ndege weupe walikuwa wengi. Wenceslas alichora duara katika daftari: *Saa sita. Kituo. Chakula.*

Halafu akatengeneza karatasi za kazi, kama ilivyo desturi ya reli: kila mtu na yake, fupi, isiyo na maneno ya mwingine yatakayomchanganya. Karatasi ya Masengo, mvuvi aliyekubali kupika pamoja na mke wake, ilisema: *Peleka vyakula kwenye kisiwa chenye kibanda cha Josaphat. Saa sita viwe tayari.* Karatasi ya Kalombo ilisema: *Saa sita simamisha mashua mbele ya michikichi mitatu.* Masengo aliisoma yake akaitikia kwa kichwa. Kalombo aliisoma yake akaitikia kwa kichwa. Wote wawili walikuwa watu wa kutii karatasi.

Siku yenyewe ilipofika, abiria kumi na wanne walisimama ufukweni Kinkondja jua likichomoza, wengi wao wanaparokia wa Kamina, na wawili wenyeji wa Kinkondja. Wenceslas alikuwa amevaa kofia yake ya reli. Alitoboa tiketi za katoni alizozikata mwenyewe, zenye namba za viti. Kisha akasoma programu kwa sauti.

"Saa moja, chai na mkate. Saa tatu, kujilaza mu viti. Saa ine, muziki. Saa sita, kituo, chakula. Saa munane, kujilaza tena..."

"Papa Sylvie," Ndaya akamkatiza, "unanipangia kupumzika kama treni ya mizigo."

"Na minyi njo mulinzi wake," akasema Émerence. "Ninachunga mikono yake. Ninasema saa tatu haitafika, atakuwa ameshika kitu."

"Saa tatu?" akajibu Ndaya. "Hata weye haunijue?"

Wenceslas akapuliza filimbi, akanyanyua bendera ya kijani. Kalombo, katika shati jeupe la harusi yake ambalo halikufungika tena tumboni, akavuta kamba ya injini.

Mashua ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni na malimau siku mbili. Ilinuka samaki aliyetiwa limau. Juu kulikuwa na turubai la buluu, na chini yake, pamoja na mabenchi, viti sita vya matete vyenye mgongo wa kulala, ambavyo seremala mmoja wa Kamina alivitengeneza kwa kutazama video. Bwawa la kuogelea lilikuwa beseni kubwa la plastiki lenye maji, kwa ajili ya miguu. Ndaya aliketishwa kiti namba moja. Akatumbukiza miguu katika beseni, akaitazama kama miguu ya mtu mwingine.

Chai ilipomiminwa, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye birika.

"Mukono, Mama Sylvie!" akapiga kelele Émerence.

Mkono ukarudi. Baadaye kidogo mkate ulipokatwa vibaya, ukaenda tena.

"Mukono!"

Abiria wote wakaupenda mchezo huo. Kila Ndaya alipojikuna, sauti kumi na tatu zilisema pamoja: "Mukono!" Yeye mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Saa nne Tshimanga, mume wa Émerence, akatoa tarumbeta aliyoipiga zamani katika bendi ya kambi. Alipiga wimbo wa harusi, kisha wimbo wa gwaride, kisha akachanganya zote mbili. Wavuvi ndani ya mitumbwi yao waliacha nyavu wakasimama wima, mmoja akapiga saluti.

Wenceslas alikuwa amesimama nyuma karibu na injini. Alimwona Ndaya akiegemea mgongo wa kiti, kwanza kwa tahadhari kama mtu anayejaribu daraja, kisha kwa uzito wake wote. Akafumba macho. Wenceslas akaweka alama ndogo katika daftari. Ilibaki nusu ya pili, ile ya chakula.

Saa sita kasoro dakika mbili Kalombo alizima injini.

"Kituo," akatangaza.

Wenceslas akavaa kofia vizuri, akageuka. Michikichi mitatu ilikuwa pale pale, ng'ambo. Mbele yake kulikuwa na maji. Maji matupu, mazuri, yanayometameta.

"Kisiwa iko wapi?" akauliza.

"Kisiwa gani?"

"Kisiwa! Yenye nyumba ya Josaphat!"

Kalombo akatoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua, akaisoma upya kwa kidole. "Hapa hakuna kisiwa. Hapa banaandika: mbele ya michikichi mitatu. Minyi nilisema, pengine mukubwa anapenda hii maji."

"Lakini mwezi uliopita kisiwa ilikuwa hapa!"

"Mwezi uliopita, ndiyo," akasema Kalombo kwa upole. "Mukubwa, hii bisiwa haina mizizi chini. Ni majani tu inashikana, inaelea. Upepo ikipiga, inaenda. Kila mutu wa Kisale anajua."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliandika."

Wenceslas alijaribu kufikiria kituo ambacho huondoka mahali pake usiku, akashindwa. Kwa miaka thelathini na minne treni zilichelewa, zilikwama, ziliacha njia. Vituo vilikaa. Hakuwahi hata mara moja kuuliza kama kituo kipo, na sasa kuku wanane, unga, mafuta na sombe ya Masengo vilikuwa vinaelea mahali fulani nyuma ya mafunjo, tayari, kwa saa kamili, kama karatasi ilivyoagiza.

Émerence ndiye aliyesema kwanza. "Bantu ya Kamina! Tuliona treni inapotea. Leo gare, kituo yenyewe, njo inapotea!"

Kicheko kilizunguka mashua, lakini kilikuwa kicheko cha watu wenye njaa. Wakatafuta. Kalombo aliwapeleka kaskazini, kisha mashariki. Mafunjo yalikuwa mengi, marefu, yote yakifanana. Visiwa vilikuwa vingi, na hakuna kilichokuwa na kibanda. Simu haikushika mtandao. Baada ya saa nzima Kalombo aligonga tangi la mafuta, akasikiliza mlio wake, akasema afadhali wasimame.

Hapo ndipo Ndaya alipotoa miguu yake katika beseni.

Wenceslas alimwona akikaza kitenge kiunoni. Aliijua namna hiyo ya kukaza. Ni namna ya asubuhi zote za miaka arobaini.

"Kalombo," Ndaya akaita, "uko na bunga?"

"Iko kidogo, Mama. Ya bafanyakazi. Na babula ya makaa, na nyungu moja."

"Na wale pale banauza samaki," akasema Ndaya, akionyesha mtumbwi uliokuwa ukipita. "Basi. Kwa nusu saa bantu banakula. Mama Émerence, usipige kelele. Bantu iko na njaa."

Émerence hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa. Kila mtu ndani ya mashua aliona kwamba ni jambo la haki na la akili, hata Wenceslas aliliona. Kulikuwa na mtu mmoja tu pale aliyejua kupika bukari ya watu kumi na wanne kwenye babula moja. Lakini alilitazama daftari, mstari uliopigwa kwa rula, na akajua kwamba Ndaya akiushika mwiko leo, hatakaa tena kamwe kwenye kiti cha namna hiyo. Atasema amejaribu, imeshindikana, na atarudi kwenye kigoda.

"Ndaya," akasema. Hakusema Mama Sylvie. "Kaa."

"Papa Sylvie, na bantu balale njaa?"

"Minyi njo nitapika."

Tshimanga akapiga tarumbeta fupi, ile ya kuita askari kwenye mapigano.

Wenceslas alivua kofia. Alinunua samaki kwa wale wa mtumbwi, akawaomba wenyeji wawili wa Kinkondja wawapare. Kazi ya kuwasha moto akaichukua yeye. Makaa ya Kalombo yalikuwa machache, kwa hiyo akaongezea mabua ya mafunjo aliyoyavuta majini. Alidhani yamekauka. Moshi uliotoka ulikuwa mnene, mweupe, ukapanda juu ya turubai kama wa garimoshi la zamani. Abiria walikohoa. Kalombo alilia machozi ndani ya shati la harusi.

"Maji inachemka?" aliuliza Ndaya kutoka kiti namba moja. Alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Usiseme kitu," Émerence akamwonya. "Na mudomo nayo ni mukono."

Maji yalichemka. Wenceslas akamimina unga wote kwa mara moja, kama anavyopakua gunia. Ndaya akatoa sauti ndogo ya maumivu. Wenceslas akakoroga kulia, akakoroga kushoto, sufuria ikazunguka pamoja na mwiko, Tshimanga akalazimika kuishikilia kwa miguu.

"Kanda, papa, kanda!" abiria walishangilia. "Usiiogope! Inakushinda!"

"Tia nguvu, weye si ulikuwa unasimamisha treni?" akasema Émerence. "Sasa unashindwa kusimamisha nyungu?"

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Ndani ya sufuria kulikuwa na kitu kizito, chenye mabonge makubwa kama mayai, na chini kilikuwa kinaungua. Alikipenda kitu hicho kwa namna ambayo isingeelezeka. Alichota tonge la kwanza, lile la katikati ambalo halikuungua, akaliweka kwenye sahani na kipande cha samaki, akavuka mashua yote akiwa ameishika kwa mikono miwili. Mvuke ulikuwa unapanda.

"Ingali moto," akasema.

Ndaya aliitazama sahani. Akawatazama watu waliobaki, kwa mazoea, kuona nani bado hajapewa. Hakuna aliyekuwa amepewa. Wote walikuwa wakimngojea yeye, na vinywa vinamwaga mate. Akanawa katika bakuli aliloshikiwa na Émerence, akakata kidogo, akafinya, akatafuna. Akakutana na bonge. Akalitafuna polepole mpaka likaisha.

"Haina chumvi?" Wenceslas akauliza.

"Bukari haitiwake chumvi, Papa Sylvie. Miaka makumi ine unakula, haujue?" Akakata tena, kubwa zaidi. Akapuliza vidole. "Eh! Inachoma!"

Alisema "inachoma" kama mtu anayesifu. Akala tena, akipuliza, akiungua, akicheka huku mdomo umejaa, na Wenceslas alisimama pale na mwiko mkononi akimtazama. Hakukumbuka kuweka alama katika daftari.

"Hoooo!" sauti ilitoka upande wa mafunjo. "Ninyi ya mashua! Munaungua?"

Mtumbwi ulichomoza, Masengo nyuma akiusukuma kwa mti mrefu, mke wake mbele akikumbatia sufuria mbili kubwa zilizofunikwa kwa majani ya migomba.

"Tuliona moshi," akasema Masengo akihema. "Nikasema, balipata hatari. Saa sita kamili chakula ilikuwa tayari! Saa sita kamili! Tunangoja, tunangoja. Kisiwa inatembea, na siye juu yake, tunawatafuta kwa macho."

"Kisiwa iko wapi sasa?" Wenceslas akauliza.

Masengo alinyoosha kidole kuelekea kusini, akafikiria, akakisogeza kidole kidogo upande wa kushoto. "Pale. Pengine."

Basi wakala mara mbili. Kuku wa Masengo walikuwa wazuri, sombe ilikuwa na mafuta yake, bukari yake laini kama shavu la mtoto. Walipomletea Ndaya sahani ya pili alichukua kuku, akaikataa bukari.

"Minyi ningali na yangu," akasema, akaendelea na mabonge.

Saa nane walijilaza, kama programu ilivyotaka, ila hakuna aliyesoma programu. Ndaya alisinzia mdomo wazi. Tshimanga alimpiga video ya kumtumia Sylvie, dakika nne. Saa kumi chai ilichelewa na Wenceslas akaiacha ichelewe. Kapiteni Kalombo alihutubia kwa maneno matatu: "Asante. Tunarudi. Mukae."

Walipogusa ufukwe wa Kinkondja, jua lilikuwa limebaki ukucha mmoja juu ya maji. Abiria walishuka wakibeba viti. Ndaya alikaa. Alilitazama jua likizama lote, bila haraka, mpaka ukucha ule ukaisha. Kisha akainuka, akajinyoosha kiuno, akaenda moja kwa moja kwenye babula, akainyanyua sufuria ya Wenceslas.

"Mukono!" Émerence akapaza sauti kutoka ufukweni.

"Jua imezama," akajibu Ndaya. Aliinamisha sufuria kwenye mwanga uliobaki, akachungulia ndani. Ukoko mweusi ulikuwa umeganda chini, mnene kama soli ya kiatu. Akagonga kwa ukucha. Ukalia kama mlango. Akamgeukia mume wake, akamkabidhi.

"Hii kesho njo weye utaisugua," akasema. "Na siku ya Mungu, kisha misa, unapika tena. Ya leo ilikuwa na mabonge."

Wenceslas akaikumbatia sufuria kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anatafuta kalamu mfukoni.

"Saa ngapi?" akauliza.